Sindano Mbili za Injini ya Ndege ya Mfano



Ndugu wasomaji, juma hili tumeziweka kando barua za mirathi na za ada za shule ili tumjibu mama mmoja wa Kisauni. Mwanawe wa miaka 17 ameletewa ndege ya mfano na mjomba wake afanyaye kazi Sharjah. Si kile kidude cha plastiki kirushwacho kwa betri. Ni ndege yenye mabawa ya zaidi ya mita mbili kutoka ncha hadi ncha, uzito wake kama kilo saba, na puani ina injini ya petroli ya sentimita za ujazo 50. Mama atueleza kwamba injini hiyo huwaka vizuri ikiwa chini, ikalia kwa nguvu hata mtaa mzima ukajua kuwa kijana yuko kazini, lakini ndege ikisha kupaa dakika mbili tatu huzimika ghafula. Mara mbili imeshuka vibaya na kuvunja miguu. Kila ashikaye bisibisi amempa kijana shauri lake, na mashauri yote ni mamoja: kaza, ipate nguvu. Basi mama auliza mambo mawili. Je, shauri hilo ni sawa? Na je, amwache mwanawe aendelee, au aiuze ndege ingali na thamani?

Swali la pili tutalifikia. La kwanza twalijibu papa hapa: shauri hilo ni baya, na likifuatwa kwa nusu mzunguko zaidi wa bisibisi, injini itakwama na hapatakuwa na cha kuuza.

Sisi si warushaji wa ndege hizo. Lakini tumekulia Mji wa Kale, jirani na karakana ya mashine za boti, na baada ya chuo tulishinda hapo tukiwakabidhi mafundi spana na kuzisikiliza mashine za mipigo miwili, zile ambazo oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Injini ya ndege hii ni ndugu yao kwa baba na mama. Fundi mzuri wa mashine hizo husikiliza kama mwalimu wa tajwidi anavyomsikiliza mwanafunzi: hata akiwa amewapa mgongo, madda iliyopunguzwa haimpiti.

Tuanze kwa kuondoa utata wa jina. Katika maelezo ya Wamarekani injini hizi huitwa za gesi, na kijana asomaye maelezo hayo aweza kudhani kwamba yahusika mitungi ya kupikia. La. Gesi kwa Mmarekani ni petroli, ile ile ya kituoni. Ndege za mfano zilizo ndogo zaidi hutumia methanoli, nazo zina plagi na mafuta ya namna nyingine kabisa. Huo ni mlango mwingine na hatuufungui leo.

Sasa, kabureta. Kabureta ya pikipiki ina kibakuli na boya linaloelea. Ukiipindua pikipiki, mafuta humwagika. Ndege hupinduka, hulala ubavu, hupanda wima kama mshale, kwa hiyo boya halifai. Badala yake huwekwa kabureta ya kiwambo, aghalabu ya Walbro, kampuni ya Kimarekani, nayo ni ya jamii ile ile uionayo kwenye msumeno wa mashine wa wapasua miti na kwenye mashine ya begani ya kukatia nyasi. Ndani yake mna viwambo viwili vyembamba. Cha kwanza ni pampu: kila pistoni inapopanda na kushuka, shinikizo la ndani ya kasha la injini hukivuta na kukisukuma kiwambo hicho, nacho huvuta petroli kutoka tangini. Cha pili ni mlinda mlango: injini inapovuta pumzi, kiwambo huinama, hukanyaga kijiti kidogo, na kijiti hufungua tundu la petroli kwa kadiri ya haja. Ndiyo maana msumeno waweza kukata tawi ukiwa umelazwa na ndege yaweza kuruka kichwa chini. Ukubwa wa kitu chote hiki haufiki kiberiti viwili, na uchafu wa kiasi cha chembe ya mchanga watosha kukiharibia mizani.

Nje ya kabureta hiyo pana skrubu mbili, na hizo ndizo sindano zenyewe. Moja imeandikwa L, ni ya mwendo wa chini na wa kati. Nyingine imeandikwa H, ni ya mwendo wa juu. Ukiizungusha sindano kuelekea mkono wa saa, unaziba njia ya petroli, na mchanganyiko unakuwa mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. Ukiirudisha kinyume, njia inafunguka na mchanganyiko unakuwa mzito. Kazi yote ya kuiweka injini sawa ni kuitafuta mahali kati ya wepesi na uzito ambapo injini haisongwi na mafuta wala haikaukiwi.

Na hapa ndipo penye fumbo lililompoteza kijana wetu na wote waliomshauri. Kadiri unavyoufanya mchanganyiko mwepesi, ndivyo injini inavyozidi kupiga kelele safi na mizunguko kupanda. Sauti huwa nyembamba, tamu, kama ya nyuki aliyekasirika. Msikilizaji asiyejua husema: hapo hapo, usiguse! Kumbe hapo ndipo ukingoni. Katika injini ya mipigo miwili, oili haina tangi lake wala pampu yake. Yaja pamoja na petroli, ikipita kwenye fani, kwenye mkono wa pistoni, hata kwenye kuta za silinda. Petroli hiyo hiyo ndiyo pia ipozayo injini inapogeuka kuwa mvuke. Basi ukipunguza petroli umepunguza mambo matatu kwa mkono mmoja: chakula, oili na ubaridi. Injini itakimbia kwa kasi yake kubwa kuliko zote wakati ule ule inapokaukiwa na kupata joto. Pistoni ya alumini hutanuka, huikamata silinda, na mambo huisha.

Kisha kuna jambo la pili, ambalo chini halisikiki kabisa. Ndege ikiwa imeshikwa chini, rafadha, au propela kama wasemavyo mafundi wetu, hukata hewa iliyosimama, na kazi yake ni nzito. Ndege ikishika kasi angani, hewa huijia rafadha kwa mbele, mzigo hupungua, na mizunguko hupanda juu ya ile uliyoipima ukiwa chini. Injini iliyowekwa ukingoni hapo uwanjani, angani imekwisha kuvuka ukingo. Twaona hiyo ndiyo habari ya dakika mbili tatu za kijana wa Kisauni: chini sauti tamu, angani joto lapanda, kisha kimya.

Twasema twaona, kwa sababu kabla ya kuhukumu sindano sharti mashahidi wengine wahojiwe. Lipo tundu la pumzi la tangi. Likiziba, petroli inapotoka hakuna hewa ya kuingia mahali pake, na baada ya dakika chache pampu yavuta utupu. Dalili zake ni zile zile. Lipo kichujio. Upo mpira wa ndani ya tangi wenye kizito kichwani ili ufuate petroli popote inapoegemea. Ukipasuka au ukikakamaa, injini hunywa hewa. Zipo gasketi kati ya kabureta na injini: ikipenya hewa hapo, mchanganyiko huwa mwepesi na hakuna sindano itakayouponya. Dalili ya hewa kupenya ni kwamba ukishusha mwendo ghafula, injini hukawia kushuka, yabaki ikivuma juu kama isiyosikia amri. Vitu hivi vyote hukaguliwa kwa nusu saa na kwa gharama ndogo, na aghalabu huwa ndivyo vya mwisho kukaguliwa, kwa kuwa bisibisi iko karibu zaidi.

Haya, tuseme vyote ni vizima. Kijana azishike sindano zote mbili, azifunge polepole mpaka ahisi zimegusa mwisho, na hapo asikaze hata kidogo, kwani ncha ya sindano itajichora na haitapima tena sawasawa. Kisha azifungue. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la kwanza. Kwa injini nyingi za namna hii mwanzo huwa kati ya mzunguko mmoja na robo na mmoja na nusu kwa kila sindano. Hapo injini itawaka ikiwa nzito kidogo, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Aiache ipate moto kwa dakika chache kwa mwendo wa kati. Kuipima injini ya baridi ni sawa na kumpima mtu homa akitoka kuoga.

Aanze na sindano ya chini. Wengi huanza na ya juu kwa kuwa ndiyo yenye kelele, lakini katika kabureta hizi njia ya chini huendelea kutoa petroli hata mwendo ukiwa juu kabisa. Ukiibadilisha ya chini baadaye, umeibadilisha na ya juu bila ya kujua. Ashushe mwendo mpaka injini iwe inapumua tu, aiache hivyo kwa nusu dakika, kisha afungue kilango cha hewa kwa ghafula. Injini ikikohoa kidogo, ikatoa moshi, ikagugumia ndipo ikapanda, ilikuwa imejaa mafuta: aikaze sindano ya chini kwa kiasi cha unene wa shilingi, ajaribu tena. Ikikata papo hapo kama taa iliyozimwa, ilikuwa na njaa: afungue. Atakapofungua kilango na injini ikapanda moja kwa moja bila ya kusita, hapo pamefika. Tumewaona watu wakilitosheleza jaribio hili kwa kusubiri sekunde tatu tu. Sekunde tatu hazionyeshi kitu. Mafuta ya ziada hujikusanya taratibu ndani ya kasha, na ndege nayo, ikija kutua, hukaa mwendo wa chini kwa muda mrefu kabla ya kuhitaji nguvu za ghafula za kuepa mti.

Ndipo aje kwenye sindano ya juu. Kilango kikiwa wazi kabisa, afunge kidogo kidogo, akisubiri kila mara sekunde chache, mpaka mizunguko iache kupanda. Kwa injini ya sentimita 50 yenye rafadha ya inchi 22, kiasi hicho huwa karibu na mizunguko 7,000 kwa dakika. Kipo kipimo kidogo cha kuelekezea kwenye rafadha kinachosoma mizunguko. Si ghali, na kijana akinunue kabla ya kununua rangi za kupambia mabawa. Akishafika kileleni, arudi nyuma. Afungue sindano mpaka mizunguko ipungue 100 hadi 200, na sauti ipoteze ule utamu wake kidogo, iwe na ukali wa koo. Hiyo ndiyo sauti ya injini itakayoishi. Mizunguko 200 kati ya 7,000 hakuna mtu aliye chini ataiona ikipungua angani. Lakini ndiyo yote iliyobaki kati ya ndege kurudi na ndege kuanguka. Baada ya hapo arudie jaribio la mwendo wa chini, kwa kuwa sindano hizi ni majirani wa ukuta mmoja.

Wako wanaoipima zaidi kwa kuisimamisha ndege wima, pua juu, injini ikiwa wazi, ili waone kama itapunguza nguvu pampu inapopandisha petroli. Jaribio hilo lina faida, lakini kwa ndege ya kilo saba lataka watu wazima wawili wenye nguvu na uzoefu. Mama asikubali lifanywe na vijana peke yao.

Kazi ikisha, plagi itatoa ushahidi wake. Ikifunguliwa na kuonekana ya kahawia kama kaimati iliyoiva, ni njema. Nyeupe kama chokaa, injini inakaukiwa. Nyeusi yenye masizi na majimaji, inasongwa. Oili za siku hizi huungua safi, kwa hiyo plagi isifanywe shahidi pekee.

Kuhusu oili tuna neno, kwa sababu hapa ndipo mazoea ya bandarini yanapoleta madhara. Kitabu kikisema sehemu moja ya oili kwa 32 za petroli, basi lita tano za petroli zataka mililita 156 za oili. Kikisema moja kwa 40, ni mililita 125. Si kifuniko cha chupa, wala si kwa macho. Kuna mafundi wanaodhani kuongeza oili ni kuihurumia injini. Huruma hiyo ina walakini: kila tone la oili lililoongezwa limechukua nafasi ya petroli katika tundu lile lile la sindano, na mchanganyiko umezidi kuwa mwepesi. Anayebadilisha kiasi cha oili hana budi kuzipima sindano upya. Na oili iwe ya mipigo miwili, ya injini zinazopozwa kwa hewa. Ile ya mashine za boti imetengenezewa injini zipozwazo kwa maji, ambazo joto lake si kali kama hili.

Petroli nayo inunuliwe kituo chenye sifa. Wakenya tunajua habari ya petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Ilifika hadi serikali, mwaka 2018, ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja biashara hiyo. Mafuta ya taa ndani ya injini ndogo yenye joto huripuka kabla ya wakati wake, na pistoni hugongwa kama kwa nyundo. Gari kubwa laweza kuvumilia kwa muda. Injini ya sentimita 50 haivumilii.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo twaona hasa lawahusu watu wa pwani. Injini haipimi petroli kwa petroli peke yake. Yaipima kwa hewa. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa asilimia 15 hivi. Injini iliyowekwa sawa Nairobi, ikishushwa Mombasa, hukuta hewa nzito iliyojaa, na kwa hewa hiyo petroli ile ile huwa kidogo. Maana yake ni kwamba injini iliyokuwa salama Nairobi huwa kavu hapa, bila ya mtu yeyote kuigusa. Kinyume chake hakina hatari: ya Mombasa ikipandishwa Nairobi itagugumia na kutoa moshi, itakosa nguvu, lakini haitakufa. Kwa hiyo anayenunua ndege iliyokwisha kutumika bara, akaambiwa imeshawekwa sawa na asiiguse, kabla ya kuiwasha kwa nguvu afungue sindano ya juu kwa robo mzunguko, ndipo aanze kuipima upya.

Hata papa hapa pwani, siku hazifanani. Mchana wa Machi, kaskazi likimalizia na joto likitubana, hewa imetanuka na ina unyevu mwingi, nafasi ya oksijeni imepungua, na injini huwa nzito kidogo. Asubuhi ya Julai, kusi likivuma, hewa ni baridi na imeshikana, na injini hiyo hiyo huwa nyepesi. Kijana aliyeiweka ukingoni mwezi wa Machi atashangaa ikimfia Julai. Aliyeacha nafasi ya mizunguko 200 hatakuwa na la kushangaa.

Tuje kwenye swali la pili la mama, ambalo ndilo lililomkosesha usingizi, kwani barua yake kuhusu injini ilikuwa na mistari sita na kuhusu mwanawe kurasa mbili.

Yeye aogopa kwamba mchezo huu ni upuuzi unaokula wakati na fedha. Sisi hatuuoni hivyo. Yuko Mmarekani mmoja, Maynard Hill, aliyeifanya kazi ya ndege za mfano maisha yake yote. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 77, macho yake yamefifia hadi kuhesabiwa kisheria kuwa kipofu, yeye na wenzake waliirusha ndege ya mfano kutoka Cape Spear, katika kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, tarehe 9 Agosti. Ilitua Ireland tarehe 11, baada ya saa 38 na dakika 52 hewani na safari ya kilomita zipatazo 3,030 juu ya bahari ya Atlantiki. Uzito wake wote, pamoja na mafuta, haukufika kilo tano. Injini ilikuwa ndogo kuliko hii tunayoizungumzia, ya sentimita 10 na ya mipigo minne, ikitumia mafuta ya taa za kambini, na safari nzima iliteketeza mafuta yasiyofika lita nne. Majaribio ya kabla yake yalishindwa. Hakuna nguvu iliyoivusha ndege ile, ni kipimo. Injini iliyowekwa ili isikike vizuri isingefika hata katikati ya maji. Kijana wa Kisauni akijifunza kusikiliza, kupima, kuandika alichokifanya na kurudi nyuma hatua moja kutoka ukingoni, kesho atatengeneza mashine ya boti, au jenereta ya hospitali, na watu watamlipa.

Lakini hofu moja ya mama hakuitaja, na sisi twaitaja kwa niaba yake, nayo ni vidole. Rafadha ya inchi 22 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Ikiwa katika mwendo huo haionekani. Huona kivuli tu. Haikati kama kisu, huchukua. Na kazi ya kuzipima sindano, kwa bahati mbaya, hufanywa injini ikiwa inazunguka, na sindano ziko shubiri chache nyuma ya rafadha. Kwa hiyo twamwambia mama aruhusu kwa masharti, na masharti haya hayajadiliwi.

Ndege ifungwe mkia kwenye kigingi, au ishikwe na mtu mzima, kabla ya injini kuwashwa. Anayegusa sindano asimame nyuma ya bawa, mkono wake uje kutoka nyuma, kamwe usipite mbele au juu ya rafadha. Aliye bora zaidi huishusha injini au kuizima kabisa, akageuza sindano, kisha akaiwasha tena. Ni polepole, na ndiyo njia tunayoipendekeza kwa mwanafunzi. Hakuna anayesimama ubavuni usawa wa rafadha, kwani ikivunjika vipande huruka upande huo. Wadogo zake wakae nyuma, mbali, na si kwa kuambiwa tu bali kwa kushikwa. Kanzu yenye mikono mipana, kikoi kinachopeperuka, mtandio, leso iliyofungwa kiunoni, vyote vikae nyumbani. Suruali na fulana ya kubana ndilo vazi la kazi hii. Injini iwe na swichi ya kuzima cheche iliyo nje ya ndege, inayofikika bila ya kupita karibu na rafadha, na rimoti ipangwe ili ikipotewa na mawimbi injini ishuke au ijizime yenyewe. Petroli isimiminwe injini ikiwa ya moto, na kizima moto kiwepo, si ndoo ya maji.

Mahali pa kurushia si uwanja wa mpira wala ufuo wa Jumapili. Ndege ya kilo saba iliyozimika injini huanguka popote. Tena Kenya ina Kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya angani visivyo na rubani ndani, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo yenye idhini. Kisauni haiko mbali na njia ya ndege zinazoshuka uwanja wa Moi. Mjomba na kijana waende pamoja wakaulize kabla ya kurusha tena, wachukue na karatasi za forodha za kuingizia ndege hiyo.

Limebaki dogo. Ndege ikikaa majuma bila ya kurushwa, tangi likaushwe na injini iachwe ikimbie hadi ijizime yenyewe kwa mwendo wa chini, ili petroli isilale ndani ya kabureta. Petroli iliyolala huacha utomvu, na viwambo hukakamaa kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani. Vikikakamaa, sindano zote mbili zaweza kuzungushwa kutwa pasi na faida. Vifurushi vya viwambo vipya vyapatikana kwa wauzaji wa misumeno ya mashine. Mtu aende na namba ya kabureta iliyochorwa ubavuni, asiende na kumbukumbu.

Barua ya mzee wa Bamburi kuhusu kisima cha pamoja tumeipokea. Tutaijibu juma lijalo, inshaallah.